Kamati ya wazazi tumekwama: pesa za vikalio na choo cha wasichana zitoke wapi bila kumkamua mzazi?

#1 MamaKonde
Assalaam alaykum. Nimo kwenye kamati ya wazazi ya skuli moja ya msingi huku kaskazini Pemba, Wilaya ya Micheweni. Tuna madarasa mawili watoto wanakaa chini sakafuni. Choo cha wasichana hakina mlango wala maji, na wasichana wakubwa wakifikwa na siku zao wanabaki nyumbani. Fundi katupigia hesabu, jumla milioni sita na nusu.

Tulianza kukusanya elfu mbili kwa kila mzazi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza walitoa nusu, wa pili robo, wa tatu hakuna aliyekuja na shilingi. Mkutano ukiitishwa wanakuja kina mama wale wale wa siku zote.

Naomba mbinu zilizofanya kazi kweli kwenye skuli zenu. Na anayejua kwa nini wazazi hawatoi aseme, maana nimechoka kuambiwa ni umasikini tu. Hao hao harusi wanachangia, tena kwa kushindana.

#2 Mtoto_wa_Darajani
Harambee tu dada. Mwiteni mwakilishi wa jimbo, mbunge na mfanyabiashara mmoja mzito, pangeni viti, watoto wasome kasida mbili. Siku moja mmemaliza.

#3 Baharia_Wete
@2 hiyo ni dawa ya mjini. Huku mgeni rasmi akija anaahidi mabati, tunapiga makofi, halafu kamati inaanza kazi ya kufukuzia ahadi. Nauli za kwenda Chake na kurudi zinakula mfuko wenyewe. MamaKonde, tafuteni kitu kinachorudi kila mwaka bila kumsubiri mkubwa. Kwa Pemba kitu hicho kila mtu anakijua.

#4 Mkwezi
Swali la kwa nini hawatoi nalijibu mie. Tangu siku ya Mapinduzi, 12 Januari 1964, Mzee Karume alishatangaza elimu bure. Babu kaambiwa bure, baba kaambiwa bure, leo mjukuu unamdai elfu mbili kila mwezi? Anahisi anaibiwa. Usimwite bakhili, ndivyo alivyolelewa.

#5 Maalim_Mstaafu
Mkwezi, tarehe umezichanganya. 12 Januari ni Mapinduzi yenyewe. Elimu bila malipo ilitangazwa 23 Septemba mwaka huo huo wa 1964, ndiyo maana tamasha la elimu bila malipo linafanywa Septemba na watoto wanakwenda kushindana mbio na mpira.

Hoja yako ina ukweli ndani yake, lakini haifiki mwisho. Michango ilikuja kurudi taratibu, leo chaki, kesho karatasi za mtihani, mpaka enzi za Rais Dk. Shein ikafutwa tena, msingi kwanza, sekondari ikafuata. Hapo sawa. Sasa tazameni majengo yenyewe ya skuli za vijijini. Mengi yalianza kwa msaragambo. Wanaume wanachimba msingi na kubeba mawe, kina mama wanateka maji na kupika, ukuta ukifika kwenye linta wizara inakuja kuezeka. Wanaosemwa leo kwamba hawatoi ndio waliojenga madarasa kwa mikono yao. Pesa taslimu ndiyo inayowatoka kwa tabu, jasho wanalitoa.

Kwa hiyo mie nisingeanza na milioni sita na nusu. Ningeichukua karatasi ya fundi nikaivunja vipande: mawe, mchanga, kuchimba shimo la choo, vibarua, chakula cha mafundi, kupaka chokaa. Vyote hivyo vimetiwa bei mle ndani, na vyote kijiji kinavyo. Kitakachobaki ni saruji, mabomba, mlango, mbao na misumari. Hicho ndicho cha kutafutiwa pesa, na hakitafika milioni sita.

#6 MamaKonde
Ahsante Maalim. Karatasi ya fundi naipeleka kikaoni Jumamosi tuivunje hivyo. Lakini msaragambo wa siku hizi wanakuja wazee. Vijana wako Unguja, Dar na Maskati.

#7 MtuWaMaskati
Vijana wa Maskati tupo hapa tunasoma. Dada, sisi kutoa tunatoa. Tatizo ni namna tunavyoombwa. Grupu la wotsapu la kijiji leo msikiti, kesho mgonjwa, keshokutwa jezi za timu, na kila mmoja anasema "changieni chochote". Mtu akiombwa chochote anatoa chochote. Mimi ukinambia mlango mmoja wa choo bei yake hii, ukatia jina langu kwenye orodha, natuma usiku huo huo. Kisha nataka picha ya mlango ukiwa umetiwa ukutani. Picha ya risiti hainitoshi.

#8 Baharia_Wete
Nilisema kitu kinajulikana, nacho ni karafuu. Kamati ikusanye mtaji mdogo, inunue karafuu kwa wakulima msimu unapoanza Septemba hivi, iweke, ikingoja bei ipande iuze. Faida ya msimu mmoja inamaliza choo.

#9 Mkarafuu
@8 Baharia, hapo unawatia wenzako matatani. Karafuu zinanunuliwa na ZSTC peke yake, shirika la biashara la serikali. Mkulima anapeleka kituoni, inapimwa ubora, analipwa kwa daraja. Kununua kwa mkulima na kuweka ndani ndiyo hiyo inayoitwa magendo. Na bei inapangwa na serikali, hiyo ya kungoja ipande haipo. Kwa miaka mingi daraja la kwanza lilisimama kwenye 14,000 kwa kilo, ungengoja mpaka uzeeke.

Njia ya halali nnayoijua mie ni makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu. Usiku wa kuchambua, karafuu zinatiwa kwenye jamvi moja na makonyo jamvi lingine. Nyumba nyingi macho yote yako kwenye karafuu, makonyo yanaachwa pembeni yanaanikwa ovyo, mengine yanaloa. Nayo yananunuliwa, yanakwenda kukamuliwa mafuta. Bei yake ndogo, lakini kila nyumba ikisema makonyo yetu ya mwaka huu ni ya skuli, kijiji kizima kinajaza magunia. Mzazi hajatoa mfukoni hata senti, na hakuna wa kumwambia hana.

#10 Mtoto_wa_Darajani
Hiyo safi. Kiwanda cha makonyo si kipo Wete pale? Wapeleke wenyewe moja kwa moja.

#11 Mkarafuu
Kiwanda kipo Wawi, Chake Chake. Wewe ukivuka Nungwi unahesabu Pemba yote ni Wete. Na hawana haja ya kwenda huko, vituo vya kununulia viko karibu nao. La muhimu yakauke vizuri na yasichanganywe na majani.

#12 Mkwezi
Na mwaka ambao karafuu hazikuzaa? Mkarafuu unajua mwenyewe, mwaka mmoja zinavunja matawi, unaofuata unapanda juu ya mti unashuka na pakacha tupu. Choo kitangoja?

#13 Mtoto_wa_Darajani
Basi mwani. Kina mama wa pwani wapande kamba chache kwa jina la skuli. Ule mwani mnene, cottonii, bei yake nzuri.

#14 BintiJambiani
Kaka Mtoto wa Darajani, ungeshuka nasi kwenye maji ukaona. Kilimo hiki kilianza huku kwetu Paje na Jambiani mwaka 1989 na mama zetu wamejengea nyumba. Lakini cottonii kwenye maji mafupi inakufa. Maji yamepata moto, mwani unaoza ungali kwenye kamba. Wengi tumebaki na spinosum, ule mwani mwembamba, na bei yake ni ya kusikitisha. Gunia zima mgongoni, mkononi unapata pesa ya mafuta ya taa. Tafadhali msiwatwishe kina mama mzigo mwingine kwa jina la skuli, wao ndio tayari wanaonunua madaftari.

Mwani unalipa ukishasagwa ukatiwa kwenye sabuni. Skuli moja ya huku kina mama walitengeneza sabuni za mwani na karafuu, wakawauzia wageni wa hoteli. Ilikwenda vizuri mpaka wageni walipopungua msimu wa masika. Micheweni hoteli ni chache, kwa hiyo sisemi iigwe vilevile.

Nitakachosema kiigwe ni sanduku. Sisi tuna vikundi vya kuweka na kukopa, hisa kila wiki, sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu mbalimbali. Kando ya hisa kuna mfuko wa jamii, kila mtu anatia mia mbili au mia tano, wa kusaidiana msiba na ugonjwa. Vikundi vitatu vya kijiji chetu vilikubaliana mfuko huo utoe fungu la skuli kila mwaka siku ya kugawana. Siku hiyo kila mtu ana pesa mkononi na roho yake kunjufu. Hakuna aliyekataa.

#15 Shumba_Pwani
Nimeishi kusini, Wilaya ya Mkoani. Kisiwa Panza wanafunga mwamba wa pweza miezi mitatu, hakuna kuchokoa. Pweza anakua upesi mno, siku ya kufungua, maji ya bamvua yakikupwa sana, watu wanatoka na pweza wa maana. Pesa za siku ile zikatengwa za maendeleo ya kijiji. Kwenu Micheweni miamba ipo. Skuli ifunge mwamba wake.

#16 Baharia_Wete
Skuli haiwezi kufunga mwamba, ndugu yangu. Inayofunga ni kamati ya uvuvi ya shehia, na lazima muelewane na vijiji jirani, la sivyo mnafunga nyinyi wanachokoa wao usiku. Halafu makubaliano ya fungu la skuli yawe kabla ya kufunga. Nimeona siku ya kufungua watu wanagombana mchangani, huyu anasema ya msikiti, huyu ya doria, huyu ya skuli, na pweza wanaoza juani.

Rahisi zaidi ni diko, pale madau yanaposhusha samaki. Mnada wa samaki upo kila siku. Dau likishusha, samaki mmoja anawekwa kando wa skuli, ananadiwa pamoja na wengine. Na dago wakija wavuvi wa nje kupiga kambi, mchango wao wa kijiji ukatwe kidogo wa skuli. Wazee wetu walifanya hivyo kwa madrasa.

#17 MjiMkongwe_2
Mbona hakuna aliyetaja bahati nasibu? Tiketi elfu moja moja, zawadi baiskeli na jiko la gesi, mnachezesha uwanjani. Skuli za nje zote zinafanya.

#18 IbnMtambwe
Haijatajwa kwa sababu ni kamari. Mtu anatoa pesa kwa kutaraji kupata zaidi kwa bahati, hiyo ndiyo maisiri iliyokatazwa, Surat al-Maida aya ya 90. Choo cha watoto wetu tusikijengee msingi huo. Zipo njia nyingi. Mnada wa kitu kilichotolewa sadaka hauna ubaya, jogoo, mkungu wa ndizi mtwike, mbuzi. Kila anayepanda dau anajua anachonunua.

#19 MjiMkongwe_2
Shekhe, mtu ananunua tiketi kwa nia ya kusaidia skuli. Zawadi ni ziada. Nia haihesabiwi?

#20 Ukhti_London
Naishi Uingereza na nimo kwenye chama cha wazazi cha skuli ya wanangu, niseme ninachokiona. Ni kweli bahati nasibu wanachezesha, lakini hata huku ina sheria. Tiketi zikiuzwa palepale kwenye sherehe hamna haja ya leseni, mkizisambaza kabla mtaani lazima mjiandikishe kwa halmashauri. Mimi mwenyewe sinunui, kwa sababu aliyoisema IbnMtambwe, natoa mchango mkavu na hakuna anayeniuliza.

Zinazoingiza pesa bila maneno ni mbili. Moja ni keki baada ya skuli, kila mzazi anaoka, watoto wananunua wakitoka. Ya pili ni sare zilizotumika. Watoto wanakua, sare bado nzima, wazazi wanazileta zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi, zinauzwa kwa bei ya chini sana. Aliyetoa kapunguza kabati, aliyenunua kaokoa pesa, skuli imepata. Hii nadhani Pemba ingekubali zaidi ya keki.

Na kwa walio huku: mkitoa kupitia jumuiya ya hisani iliyosajiliwa, nanyi ni walipakodi, kila pauni moja serikali inaongeza senti ishirini na tano kwenye fungu la jumuiya. Wapemba wa Uingereza wengi hawajui, wanatuma mmoja mmoja na ile robo inapotea.

#21 Fundi_Cherehani
Ukhti sare za mitumba hapana, bila kukuvunjia heshima. Kijijini kila mtu anaijua sare ya nani. Mtoto atachekwa "umevaa ya fulani". Kina mama hawatakubali.

Mie nafanya hivi na kamati ya skuli ya mtaani kwetu. Disemba, kabla skuli hazijafungua, kamati inakusanya oda zote za sare na mitandio. Tunakwenda Darajani kununua kitambaa kwa jora, bei inashuka sana kuliko mzazi kununua yadi mbili. Tunashona mafundi wanne kwa bei ya pamoja. Mzazi analipa chini ya bei ya duka, fundi anapata kazi ya mwezi mzima, na tofauti ndogo kwa kila sare inaingia mfuko wa skuli. Wazazi wanajua ipo tofauti, imeandikwa kwenye oda. Hakuna kificho.

#22 Ukhti_London
Ya jora nimeipenda kuliko yangu. Ila juu ya kuchekwa, mwaka wa kwanza tulipanga meza ya sare ndani ya chumba, si uwanjani, na kina mama wakawa wanaingia mmoja mmoja. Aibu ikaondoka yenyewe.

#23 Mhasibu_Chake
Nimesoma yote. Mnazungumzia mirija ya kuingiza maji na ndoo imetoboka. Mkwezi anasema mazoea, Maalim anasema pesa taslimu, mimi nasema hesabu. Kwenye skuli aliyosoma mwanangu tulichanga kwa ajili ya kisima. Pesa zilikusanywa na watu watatu, kila mmoja na daftari lake, mwisho madaftari hayakulingana na kisima hakikuchimbwa. Hakuna aliyeshtakiwa kwa wizi, labda hata hapakuwa na wizi, lakini tangu hapo ukitaja mchango watu wanatazama pembeni. MamaKonde, wazazi wenu wakisema hawana, waulizeni mchango wa mwisho ulikwenda wapi.

Fanyeni mambo haya hata kabla ya kutafuta shilingi. Akaunti ya benki kwa jina la kamati, PBZ au kwengineko, watia saini watatu na mmoja wao awe mwanamke. Pesa zisilale kwenye simu ya mtu. Mwalimu mkuu asishike pesa, atoe mahitaji tu. Na kila mwisho wa mwezi karatasi moja ibandikwe kwenye ubao wa sheha: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kwa hati kubwa, asome na bibi asiyekuwa na miwani.

#24 Mkwezi
Mhasibu, kwetu karatasi inabandikwa kila mwezi na bado hawatoi. Kwa hiyo si hesabu peke yake.

#25 BintiJambiani
Nami naona mnazunguka. MamaKonde kasema wanaokuja mkutanoni ni kina mama. Nani anaitisha mkutano saa nne asubuhi, saa ambayo baba yuko baharini na mama yuko shamba? Na uamuzi wa elfu mbili ulipitishwa na nani? Kwetu mkutano ukiitishwa baada ya alasiri, siku ambayo maji hayafai kuvua wala kupanda mwani, wanajaa. Halafu pesa za nyumba anazishika nani? Ukimwomba mume aliyekaa barazani atakwambia hana, na hana kweli.

#26 Mkarafuu
Mie nitabaki kwenye msimu. Hata mwenye nia njema, ukimwomba mwezi wa sita hana. Ukimwomba kesho yake baada ya kutoka kituo cha karafuu anatoa bila kuulizwa mara mbili. Michango ya kila mwezi ni desturi ya watu wa mshahara, na kijijini mshahara wanao walimu, daktari na askari. Mkulima na mvuvi pesa yao haiji kwa tarehe.

#27 Maalim_Mstaafu
Na jambo moja la msimu wa karafuu ambalo kamati isilisahau: watoto wenyewe wanakosa skuli, wako chini ya mikarafuu wanaokota mpeta, zile karafuu zilizoanguka. Msije mkawahimiza waokote kwa jina la vikalio vya darasa ambalo hawamo. Makonyo ya nyumbani, ndiyo. Mpeta wa mtoto, hapana.

#28 Mtoto_wa_Darajani
Nina moja haikutajwa. Sikukuu! Idi huku mjini watoto wanajaa Mnazi Mmoja na Kariakoo siku nne nzima, kila mtoto ana pesa yake ya sikukuu. Kamati ifungue uwanja wa skuli sikukuu mosi mpaka nne, ikodishe vibanda kwa wauza urojo, mishikaki, juisi na vitu vya kuchezea. Kamati haipiki wala haiuzi, inakodisha nafasi na kusimamia usafi na usalama. Wa kaskazini wasilazimike kuteremka mpaka Tibirinzi kule Chake.

#29 Shumba_Pwani
Hili naliunga mkono mikono miwili. Nauli ya familia nzima kutoka Konde mpaka Chake siku ya sikukuu, ingebaki kijijini. Lakini urojo wa mjini msituletee, ule wenu maji ya manjano. Tutauza pweza wa nazi na halua ya Wete.

#30 Mtoto_wa_Darajani
Maji ya manjano? Shumba wewe hujala urojo, umeonyeshwa. Halua ya Wete naikubali, nisije nikakosa mzigo wangu.

#31 IbnMtambwe
Turudi kwenye mada. Uwanja wa sikukuu sawa, pawe na adabu, muziki uishe magharibi. Na nawakumbusha wakfu. Mzee mwenye mikarafuu au minazi ambaye watoto wake wako mbali, anaweza kuweka miti kadhaa wakfu kwa ajili ya skuli, ikaandikwa rasmi kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mavuno yake kila mwaka ni ya skuli, haigawiwi urithi, haiuzwi. Wazee wetu waliwekea misikiti na visima.

#32 Mkarafuu
Wakfu wa miti iliyokwisha kuzaa, vizuri. Wa kupanda leo mche, mtangoja miaka sita au saba mpaka uanze kutoa. Pandeni tu, miche inagaiwa bure, lakini kwa choo hiki haisaidii.

#33 ChwakaGhuba
Mie nilidhani mtataja Jozani. Tangu ilipokuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na hata kabla yake, sehemu ya pesa za kiingilio cha watalii wanaokuja kuwaona kima punju inarudi kwa vijiji vinavyouzunguka msitu, na skuli zimefaidika. Micheweni wana msitu wa Ngezi pua na mdomo. Kamati iulize vijiji vya pembezoni vinapata nini.

#34 Baharia_Wete
Watalii wa Ngezi hawafiki hata robo ya wa Jozani, ndugu. Kuuliza si vibaya, ila choo kisitegemee ndege na popo.

#35 MamaKonde
Ahsanteni nyote, nimeandika mpaka kalamu imekwisha wino. Jumamosi tulikaa, tukauhamisha mkutano baada ya alasiri kama alivyosema BintiJambiani na kweli waume walikuja zaidi. Karatasi ya fundi tumeivunja, mawe, mchanga na kuchimba vimeondoka. Mlango na tangi la maji tumevitia orodha ya walio nje, MtuWaMaskati nimekuandikia faragha. Makonyo yamekubaliwa, na mzee mmoja akasimama kusema skuli ikitaka pesa yake ya karafuu pia imfuate kituoni. Karatasi ya hesabu itabandikwa kwa sheha.

Mchango wa kila mwezi hatukukubaliana. Nusu wanasema ufutwe, nusu wanasema ukifutwa hautarudi tena. Sasa vikalio. Wengine wanataka vya chuma, wengine vya mbao. Nani ana uzoefu?

#36 Fundi_Cherehani
Chuma. Mbao watoto wanavunja mwaka mmoja.

#37 Shumba_Pwani
Chuma karibu na bahari? Chumvi inakila, ikifika mwaka wa tatu miguu ina kutu na inachana sare za watoto. Mbao za mwembe zilizokauka vizuri, fundi wa madau azitie mkono, hazina mfano.

#38 Fundi_Cherehani
Kutu ni ya chuma kisichopakwa rangi. Kila likizo kamati ipake rangi, na hiyo nayo ni kazi ya msaragambo, kwani Maalim si kashasema.

#39 Mhasibu_Chake
Chukueni bei za mafundi watatu, wawili wa mbao na mmoja wa chuma, kwa maandishi, kabla hamjabishana zaidi. MamaKonde, fundi wa chuma yupo mmoja karibu na Gombani anayetengenezea skuli, nitakuletea namba yake faraghani.